Kipimo Kilichokuwepo

Metroni alikataa mlango wa choo ufungwe.

"Nawajua nyinyi," alisema, bega lake likiwa limeuegemea. "Kuna mmoja aliniletea maji ya bomba. Mwingine akaazima mkojo wa mwenzake. Chuchumaa, mwanangu, sina siku nzima."

Kiberiti alichuchumaa na kikombe cha plastiki mkononi. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ya udogo wake na jinsi anavyowaka ghafla kwenye mzunguko wa mwisho wa mita mia nane, nalo likamganda mpaka walimu wakasahau lake la kweli. Asubuhi hii hakukuwa na cha kuwaka. Mkojo wenyewe ulikuwa umegoma. Nyuma ya ukuta alisikia ndala za wasichana zikipita polepole kuliko kawaida, na jozi moja ikasimama kabisa. Habari ilikuwa imeshatembea bweni zima.

Kosa lake lilikuwa kusema. Jana, wakipanda mbio kile kilima cha nyuma ya shule, moyo wake uliacha kwenda kama moyo. Ulinyamaza kidogo, halafu ukaanza kurukaruka kifuani bila mpango, kama kuku aliyefungiwa kikapuni, na macho yakamwingia giza. Alikaa kwenye majani mpaka ukatulia. Haikuwa mara ya kwanza. Mara zilizopita alijifanya anafunga kamba za viatu, na kamba hizo zilifungwa na kufunguliwa mpaka zikachakaa. Safari hii kocha alikuwa nyuma yake, akamuuliza ana nini, naye kwa ujinga wake akajibu kweli tupu: moyo unaenda mbio, unarukaruka, nahisi kizunguzungu.

Kocha hakumshika hata mkono. Alimtazama usoni, kisha macho yakashuka taratibu mpaka tumboni, yakabaki hapo.

"Nenda kwa metroni," alisema.

Shule ile ya michezo ilimlisha, ilimvalisha na kumsomesha bila mama yake kutoa chochote, ilimradi akimbie. Msichana akipata mimba alifungasha siku hiyo hiyo. Wafadhili waliliogopa sana jambo hilo, ndiyo maana kabati la metroni lilijaa vipimo vya mimba, boksi juu ya boksi. Pembeni kulikuwa na bandeji na dawa ya kuchua. Cha kusikilizia moyo hakikuwepo, na hakuna aliyewahi kukiulizia. Mvulana mmoja wa kuruka viunzi alipolalamika kifua, kocha alimpakia kwenye gari lake mwenyewe hadi hospitali kubwa. Kiberiti aliliona gari likitoka getini. Labda ndiyo sababu alithubutu kusema.

Mkojo ulikuja hatimaye, haba. Metroni alikipokea kikombe kwa ncha za vidole, akaenda nacho ofisini, na Kiberiti akamfuata shingo upande.

Mama yake alikuwa ameshafika. Mama huyu aliishi kwa kupiga pasi nguo za watu, na alikuwa ameitwa kwa simu bila kuambiwa sababu, ila mama wa binti akiitwa shule ghafla hahitaji kuambiwa. Alikaa kwenye ncha ya kiti, amevaa gauni lake la kutokea. Kocha alikuwa amesimama dirishani. Kiberiti alimwamkia mama, akaketi kando yake. Mama hakuitikia.

"Nani?" aliuliza.

"Nani nini, mama?"

"Usinichezee akili mbele za watu. Nani?"

Metroni alichovya kijiti chake kwenye kikombe, akakilaza mezani, akakikinga kwa kiganja kana kwamba msichana angeweza kukiibia jibu. Wote watatu wakamkodolea macho. Kiberiti hakuwahi kuwa na mvulana, hata wa kuandikiana naye barua. Lakini watu wazima watatu wakikutazama namna ile unaanza kujikagua mwenyewe. Alijikuta akivuta tumbo ndani, na hapo hapo akamwona metroni ameliona hilo na kumtupia kocha jicho. Aliogopa kweli sasa.

"Ni moyo, mama," alisema haraka. "Kama shangazi. Si ulisema shangazi alianguka akikimbilia..."

Mama alimfinya pajani chini ya meza, akazungusha.

Shangazi huyo, dada yake baba, alianguka akikimbilia basi, msichana mbichi kabisa, asiamke tena. Nyumbani ilisemwa amerogwa. Baadaye haikusemwa kitu, maana ukoo wenye vifo vya namna hiyo watu huukwepa, na mama alikuwa na mabinti wengine wa kuolewa.

"Shangazi gani?" kocha aliuliza.

"Hana shangazi, mwalimu. Amechanganyikiwa."

Walisubiri. Kisha metroni aliondoa kiganja, akainama, akakiinua kijiti kwenye mwanga.

"Mstari mmoja. Hana kitu."

Mama alitoka kwenye kiti mpaka sakafuni. Aliishika mikono ya metroni, akamshukuru kama vile yeye ndiye aliyeiondoa mimba yenyewe. Machozi yalimtiririka, na alicheka pia. Kocha naye uso ukamfunguka. Alikuja kumpiga Kiberiti begani, mara ya kwanza kumgusa tangu jana.

"Nilijua wewe ni mtoto mzuri. Basi, mzima huyu. Mchana kuna mchujo, na wafadhili wako njiani."

"Na moyo, mwalimu?"

"Moyo umefanyaje?"

"Bado haujapimwa."

Kocha alicheka. "Moyo wa mkimbiaji unaenda mbio. Ulitaka usinzie?"

Kiberiti alipiga moyo konde, huo huo mgonjwa. "Naomba nipelekwe hospitali. Kama yule wa viunzi."

Kicheko kilikatika. Mama aliacha kujifuta machozi. Metroni alikirudisha kijiti kwenye mwanga, akakigeuza upande huu na upande ule.

"Msichana hana kitu, anataka hospitali," alisema polepole. "Mimi nina miaka mingi kwenye kazi hii. Wakianza kuulizia hospitali wenyewe, najua wanakwenda kutoa nini. Labda mimba bado changa. Labda tumpime tena wiki ijayo. Na mchujo tumweke kando kwanza."

"Hapana, metroni, hapana!" Mama yake alikuwa ameshasimama. "Hataki hospitali, anatania huyu. Ana utani tangu mdogo. Sema hutaki."

Kiberiti alimtazama mama yake. Mikono yake ilikuwa na makovu ya pasi, mapya juu ya ya zamani.

"Sitaki," alisema.

Kwenye korido mama alimvuta pembeni, akamkumbatia kwa nguvu, akanong'ona kwa ukali uliojaa mapenzi.

"Umenitoa roho leo. Unafukuzwa hapa, unarudi kula nini? Wadogo zako wanagombania ukoko."

"Mama, shangazi alikuwaje siku ile? Alisema anasikia nini?"

"Shangazi yako alirogwa, alikuwa mzuri kupita kiasi. Wewe nani akuroge, na miguu hiyo?" Alijaribu kutabasamu. "Ukimbie tu, mama. Ukimbie niwaone na mimi wanavyokupigia makofi."

Mchana ule wafadhili walikaa kivulini kwenye viti vya mito. Mama alipewa nafasi kwenye uzio karibu na kocha, na kila aliyempa sikio alimwambia: yule mdogo ni wangu, hana kitu, wamempima. Mstarini, msichana wa njia ya pili alimtupia Kiberiti jicho la pembeni.

"Kwa hiyo huna?"

"Sina."

"Basi ulikuwa unategea tu."

Bastola ililia. Mzunguko wa kwanza miguu ilikuwa myepesi, akaanza kudhani labda metroni alisema kweli, mzima huyu. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikagongwa, akaongeza mwendo, akawapita wawili.

Kwenye njia iliyonyooka, upande wa mbali wa uwanja, moyo ulinyamaza.

Halafu ukaanza. Sauti za watu zilisogea mbali, kingo za uwanja zikawa nyeusi. Angeweza kukaa chini, majani yalikuwa pale pale. Aliwaza kukaa, na akawaza kikombe, na macho yale tumboni, na wadogo zake. Alimwona mama kwenye uzio, mdomo wazi, akishangilia. Hakukaa. Mkono wake wa kushoto uliacha kupunga, ukapanda wenyewe, ukajikandamiza kifuani kukizuia kile kitu kisitoke.

"Shusha mkono!" kocha alibweka. "Unajipunguzia kasi! Shusha huo mkono!"

Mama hakujua lolote kuhusu mbio, lakini alitaka kusaidia. Alipanda kwenye uzio, akaudaka wito huo, akaupaza kuliko kocha, kwa furaha yote aliyokuwa nayo.

"Shusha mkono, mwanangu! Shusha!"

Kiberiti aliushusha, akaingia kona ya mwisho akipunga yote miwili.