Mbegu ya Mke wa Kwanza

Hapa Lambwe hakuna mwanamke mpenda amani kunishinda. Maisha yangu yote nimegombana na watu watatu tu. Wawili wameshakufa, na wa tatu ni mke mwenzangu Phelesia, ambaye mlango wake unatazama wangu.

Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza wa marehemu Zablon. Kwetu, mvua ikinyesha, hakuna anayeangusha mbegu katika boma kabla ya mikayi. Anayemtangulia anaita chira, na laana hiyo haiulizi nani alikosa. Inaingia nyumba yoyote, inabeba mtoto. Mwaka ule nilipokwenda Uriri kumzika mama yangu, Phelesia alipanda kabla sijarudi. Alisema mvua ilikuwa inaondoka na watoto wanalala njaa. Kabla mahindi yake hayajatoa ndevu, tukamzika Willis, mtoto wangu wa pekee. Daktari alisema ni ini. Daktari hajui nani alipanda kwanza.

Miaka kumi na tisa sasa. Mwaka huu Phelesia akaokoka, akaniletea Cephas, mhubiri kijana kutoka Sindo, mwenye viatu vya kung'aa na kitabu cha picha. Humo simba amelala na mwana-kondoo, watoto wanamvuta masharubu, na wazee wote wana meno. Cephas akasoma jinsi Mungu atakavyotawala, watu wafue panga zao ziwe majembe, wasijifunze vita tena. Nikamuuliza simba atakula nini. Akasema majani. Nikamwambia apite mbugani Ruma amuulize yule fisi aliyemaliza mbuzi wangu kama habari hiyo imemfikia.

Ndipo akanigusa penye kidonda. Akasema wafu wataamka, Willis naye ataamka, lakini mwenye kinyongo hatakuwepo kumpokea.

"Dani," akaniambia, kama mjukuu anavyomwita nyanya yake, "umemsamehe huyu mama?"

Nikamwona Willis akitoka udongoni, akitafuta nani amwekee maji ya kuoga, anamkuta Phelesia ameshika beseni.

"Nimemsamehe," nikasema. "Kesho asubuhi napanda, na yeye apande."

Asubuhi nikaenda shambani na kibuyu changu cha mbegu. Wakasimama mpakani: Phelesia na ungo wa mahindi, Frankline mwanawe na jembe, Cephas na kitabu chake. Nikachimba, nikainama, nikatia mkono kibuyuni, nikaupeleka shimoni, nikafukia kwa mguu. Mstari mzima hivyo. Mkono ulikuwa mtupu. Kibuyuni nilitia kokoto, maana kibuyu kitupu hakina sauti.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Phelesia atapanda akidhani amenifuata, kumbe ametangulia tena. Chira itakuja kutafuta mtoto. Kwangu haitapata kitu, mimi nilishatoa. Itavuka kwake. Frankline alikuwa ameniamkia asubuhi hiyo kwa mikono miwili, ameinama kabisa. Sisemi halikunisumbua. Lilinisumbua mpaka shimo la nne.

Nilipomaliza, Cephas akasema amina, unabii unatimia mbele ya macho yetu. Akamwambia Phelesia apande sasa.

Phelesia akatia mkono kwenye ungo, akauacha humo humo. Alikuwa anaangalia kuku wangu. Kuku wangu ni wezi, hawajawahi kuniacha nipande kwa raha. Walikuja nyuma yangu wakifukua shimo la kwanza, la pili, mpaka la saba. Kila shimo wanalitazama kwa jicho moja, wanalitazama kwa la pili, wanasonga. Halafu wakaniacha wote, wakaenda kuchakura mavi ya ng'ombe.

Phelesia akamshika Frankline mkono, akamrudisha nyuma hatua moja.

Nikasema kuku hao wameshiba, nimewapa wimbi tangu alfajiri. Nikatikisa kibuyu wasikie.

"Mama Willis," akasema Phelesia, polepole kabisa, "kimwage."