Mstari wa Rashi

Shangazi Scolastika alikuwa na kalamu nyekundu. Wapakiaji wa magunia pale Nyasubi, Kahama, waliijua, madereva wa malori ya mchele waliijua, hata paroko alikutana nayo siku alipopeleka makadirio ya kengele mpya. Kalamu ile haikuwahi kuongeza kitu. Kazi yake ilikuwa moja tu, kukata. Jumapili hiyo ilikuwa inaelea juu ya daftari la Loveness, na Loveness alikuwa amebana pumzi kama mtu anayesubiri sindano.

"Jukwaa, laki nne," shangazi alisoma. "Laki nne za kusimamia! Mtu hajapiga lipu hata ndoo moja, kasimama tu, laki nne."

"Shangazi, ukuta wa juu uko mita saba kutoka chini. Fundi atasimama juu ya nini, juu ya sifa zake?"

Fundi Sostenes, mtu wa Ushirombo, mrefu kiasi kwamba kwenye safu za chini za matofali hakuhitaji jukwaa lolote, alicheka huku akichokonoa meno kwa njiti, akamgeukia shangazi, ambaye mtaani walimwita Mama Limi. "Mama Limi, nunua mirunda, nguzo za miti tu. Mirunda na misumari, laki moja na nusu, mchezo umekwisha. Hivyo vyuma vya kukodi ni mambo ya Dar es Salaam."

"Fundi, tulipojenga chini mirunda ilikuwa mingapi?" Loveness akamuuliza kwa upole wa mwalimu mwenye fimbo mgongoni.

"Arobaini."

"Ikabaki mingapi?"

Sostenes akaangalia njiti yake.

"Kumi na saba," Loveness akamjibia. "Katika iliyopotea, miwili naiona pale kwa jirani, Mama Mbuke, imeshika banda la mbuzi. Mingine tuliila."

"Tuliila?" shangazi akashtuka.

"Maharage ya vibarua yaliivia nini, shangazi? Kila mchana mrunda mmoja. Tungechelewa kumaliza wangepikia na ngazi."

Shangazi alicheka bila kutaka, na hapo ndipo vyuma viliponusurika. Loveness alikuwa na miaka ishirini na minne, katoka chuo cha ufundi Shinyanga mwaka mmoja tu uliopita, na ghorofa hili la shangazi ndilo lilikuwa kazi yake ya kwanza kusimamia. Mahesabu alikuwa ameyapanga vizuri: seti ishirini za jukwaa, kila seti shilingi elfu moja mia tano kwa siku, maana yake elfu thelathini kwa siku, mara siku kumi. Usafiri elfu sitini. Mbao za kukanyagia elfu arobaini. Laki nne kamili, haina kona.

Tatizo ni kwamba chini ya hapo kulikuwa na mstari mwingine.

"Na hii ni nini?" Shangazi akasogeza miwani. "'Rashi, siku nne, laki moja na ishirini.'"

"Ni siku za dhahabu, shangazi. Ikifumuka mahali, mafundi watakimbilia huko. Na vyuma vya kukodi vinahesabiwa siku, hata kama vimekaliwa na kunguru."

Sostenes alicheka mpaka akavua kofia na kujifutia machozi. "Mimi? Miaka ishirini nakula kwa mwiko wangu, leo niuache nikafukue mashimo kama panya buku? Huyu injinia wenu ana vituko! Mwaka huu bajeti ina mstari wa rashi, mwakani ataweka mstari wa wachawi. Kata, Mama Limi."

Kalamu nyekundu ikakata. Ikakata mara mbili, ya pili kwa raha tu.

"Laki nne," shangazi akasema akifunga daftari. "Ikizidi hata shilingi mia, Loveness mwanangu, nakupenda, lakini utapanda basi urudi Ngokolo kwa baba yako, na ghorofa atabaki nalo Sostenes na mirunda yake. Umenisikia?"

"Nimekusikia, shangazi."

Kesho yake asubuhi vyuma vikaja. Aliyevikodisha alikuwa Valerian, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, ambaye kila akishusha chuma alikigonga kidogo kwa vidole kama anayemuaga mtoto anayekwenda bweni. "Siku ni siku, dada," alimwambia Loveness. "Mvua ikinyesha ni siku. Jumapili ni siku. Mkilala ni siku."

Jumatatu walifunga jukwaa na kuanza lipu. Jumanne ikaenda vizuri, ukuta wa mbele ukaanza kulainika kama uso wa bwana harusi. Jumatano, saa tano na nusu, simu ya Sostenes ikalia akiwa juu kabisa.

Loveness alimwona akisikiliza. Alimwona akiacha kutafuna njiti yake. Kisha akamwona akiteremka jukwaa lile kwa namna ambayo hakuwahi kuteremka hata siku ya mshahara.

"Kuna nini, fundi?"

"Hakuna kitu. Kuna msiba."

"Nani amefariki?"

"Bado hatujajua vizuri," Sostenes akasema, na huku nyuma vibarua wake watatu walikuwa tayari wanafunga koleo kwenye pikipiki.

"Msiba wa kwenda na koleo zetu?"

"Si kuna kuzika?"

Loveness alitaka kukasirika, kicheko kikamwahi. Mmoja wa vibarua, kijana asiyejua kutunza siri wala hela, akapaza sauti kutoka kwenye pikipiki: "Dada, dhahabu imefumuka shambani kwa mzee mmoja upande wa Bukombe! Wanasema ni ya kuokota tu, kama karanga!" Pikipiki zikaondoka. Karai la lipu lilibaki pale juu, mwiko umesimama wima katikati yake, na kwenye ncha ya jukwaa, kwa heshima zote, kunguru akatua.

Loveness akampigia baba yake. Mzee Maige alikuwa ameumaliza ujana wake kwenye maduara ya dhahabu ya Geita, akirukia shimo hili na shimo lile, akarudi Ngokolo na redio moja na hadithi elfu.

"Shikamoo baba. Mafundi wamekimbilia rashi."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Watarudi Jumatatu."

"Umejuaje?"

"Rashi mpya nazijua kama ng'ombe wangu. Siku ya kwanza mnakimbizana. Ya pili mnagombania shimo. Ya tatu sahani ya wali inauzwa bei ya jogoo mzima. Ya nne mtu anakumbuka kwamba kumbe ana kazi mjini. Wewe hesabu tu, usiwapigie simu, utawatia kiburi."

Kwa hiyo siku zile nne zilikuwa nne kweli, kama alivyoandika. Ila hela zake zilikuwa chini ya wino mwekundu. Loveness akaketi juu ya mfuko wa saruji akafikiri. Kurudisha vyuma na kuvileta tena ni usafiri mara mbili, hapana. Kutafuta mafundi wengine? Alipiga simu sita. Wawili walikuwa njiani kwenda Bukombe, watatu walikuwa wamekwishafika, na wa sita akamuuliza kama anaweza kumwazima koleo.

Akainua macho. Ng'ambo ya kichochoro kulikuwa na nyumba ya wageni ya Mama Martina, ghorofa moja, rangi ya chini kijani kibichi na ya juu hakuna. Mwaka wa pili sasa ilikuwa hivyo, kama mtu aliyevaa suruali akasahau shati. Mpaka rangi alikuwepo na rangi ilikuwepo. Ngazi ndiyo haikufika.

"Mama Martina, shikamoo. Hivi wageni hawakuulizi kuhusu hapo juu?"

"Marahaba. Wananiuliza kila siku. Nawaambia ni mtindo."

"Nina jukwaa limekaa bure mpaka Jumapili. Elfu arobaini kwa siku, unamaliza aibu yako."

"Elfu ishirini na tano."

"Mama, mwenyewe nalikodi thelathini!"

"Sasa linakaa bure au halikai bure?"

Walivutana mpaka chai ikapoa, wakakutana elfu thelathini na tano. Kazi siku tatu, Alhamisi mpaka Jumamosi, na Mama Martina akalipa laki moja na elfu tano taslimu, baada ya kuzihesabu mara tatu kwa matumaini kwamba zitapungua.

Akabaki Valerian. Loveness hakutaka kuhamisha vyuma vya watu kimyakimya, akamwendea mwenyewe. Valerian akashika kichwa. "Vyuma vyangu vivuke kichochoro bila mimi? Vikipinda je?"

"Njoo uvivushe mwenyewe, kaka. Vifunge kwa mkono wako, vifungue kwa mkono wako. Na Mama Martina atakupikia wali na kuku."

Valerian akafikiri kwa sekunde moja, labda moja na nusu. "Kuku wa kienyeji?"

"Wa kienyeji."

Alhamisi asubuhi vyuma vilivuka kichochoro vikisindikizwa na Valerian kama maharusi. Jumapili mchana, baada ya misa, vikarudi. Nyumba ya Mama Martina ilikuwa imevaa shati, la njano, na Loveness akawa na bahasha mfukoni. Alijumlisha tena kwenye daftari. Kwa kuwa siku nne zilikuwa zimepotea, na Jumapili hakuna anayepiga lipu, jukwaa lingeondoka Jumatatu, siku ya kumi na tano, na hapo hata kwa bahasha ile angezidi kwa elfu arobaini na tano. Lakini kama lipu ingeisha Jumamosi, siku ya kumi na tatu, angepona. Ila hiyo ilimtegemea mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa porini anagombania shimo.

Jumatatu, saa mbili kamili, Sostenes akatokea. Alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kope mpaka kwenye kucha za miguu, na mgongoni alibeba kiroba.

"Poleni na msiba, fundi," Loveness akasema. "Mmezika salama?"

Vibarua wakaangalia chini. Sostenes akatua kiroba taratibu. "Injinia, cheka, lakini hapa ndani kuna mali. Nimeuziwa elfu themanini na mtu anayenihurumia."

Mzee Maige alikuwa amefika na basi la asubuhi, eti kuja kumsalimia dada yake, lakini ukweli ni kwamba asingekosa siku kama hiyo hata kwa ng'ombe wawili. Akachukua jiwe moja, akalinusa, akaligonga kwa nyundo, akamwagia maji kiganjani, akalitazama juani kwa muda mrefu wa kumtesa mtu.

"Fundi," akasema mwishowe, "hii ni kokoto nzuri sana. Ikipata saruji itashika."

Walicheka mpaka Mama Martina akatoka kuangalia. Sostenes alijaribu kununa, ikamshinda, akacheka kuliko wote, akaketi juu ya kiroba chake cha elfu themanini. Kisha akaona ile nyumba ya njano, akaona jukwaa lake lilivyofungwa upya, akamgeukia Loveness.

"Hela ya siku zile umeipata wapi?"

Loveness akamwonyesha daftari, yote, mpaka mstari uliokatwa mara mbili. "Nikizidi laki nne naondoka. Ukimaliza Jumamosi nabaki. Ukimaliza Jumatatu ijayo, ghorofa ni lako na mirunda yako. Ni juu yako, fundi."

Sostenes alipitisha kidole juu ya mstari ule uliokatwa. Ingekuwa rahisi kuvuta mguu. Fundi anajua njia hamsini za kuchelewesha lipu, na zote zina majina mazuri. Akasimama, akajikung'uta vumbi la Bukombe.

"Mimi ndiye niliyesema kata," akasema. "Haya, vijana! Atakayepokea simu kabla ya Jumamosi namtupa na simu yake."

Walipiga lipu tangu jua linachomoza mpaka popo wanatoka. Jumamosi, saa kumi na moja jioni, Sostenes akapangusa kona ya mwisho, na Valerian akaanza kuhesabu watoto wake mmoja mmoja wakipanda gari.

Jumapili shangazi akavaa miwani. Siku kumi na tatu za jukwaa, usafiri, mbao, kisha bahasha ya Mama Martina ikatolewa. Alijumlisha kwa kichwa, kwa vidole, na kwa simu, kwa sababu hakuamini lolote kati ya hayo matatu.

"Laki tatu na themanini na tano," akasema. "Umebakiza elfu kumi na tano?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na kokoto kiroba kimoja," Mzee Maige akaongeza kutoka kwenye kochi.

Shangazi hakusema hongera, neno hilo kwake lina bei. Alifungua ukurasa mpya wenye bajeti inayofuata, ya kupaka rangi ghorofa zima, akaipitia kutoka juu mpaka chini. Kalamu nyekundu ikashuka. Loveness akabana pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu ianze kuogopwa Kahama nzima, kalamu ile haikukata. Iliandika, pole pole, kwa herufi kubwa: Rashi, siku nne.

Sostenes, aliyekuwa anachungulia begani kwake, akakohoa.

"Andika tano, Mama Limi. Ile barabara ya kurudi ni mbaya, halafu mtu anakuwa na mzigo."