Jirani Asiyetukanwa

Tangu Dikore na mumewe Hama wahamie Bobo-Dioulasso, mji wa Wabobo, wakikimbia vita vya kaskazini, hakuna jirani hata mmoja aliyewahi kumtukana. Hilo ndilo lililomkosesha raha.

Mfulani kama yeye na Mbobo ni watani tangu enzi za mababu. Mbobo akikuona tu anakuita mwizi wa ng'ombe, nawe Mfulani unamuuliza kama leo ameanza kulewa kabla ya kunawa uso au baada. Kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake, na atakayenuna ndiye aliyeshindwa. Lakini wenye bunduki walipoanza kuchoma vijiji, na ikavuma kwamba wote ni Wafulani, Wabobo wa mtaa ule wakafunga midomo. Dikore akawa anaamkiwa vizuri. Bombani kina mama walimwachia zamu zao, kisha wakasogeza ndoo zao mbali na zake. Adabu gani hiyo, jamani? Hata askari anayekuja kukukamata huanza kwa kukuamkia.

Mwenye nyumba wao, Mama Honorine, aliyepika dolo, ile pombe yao ya mtama, katika ua wa jirani, ndiye aliyewazidi wote kwa adabu. Dikore alimchokoza wee. Siku moja alimwambia pombe yake inanuka kama soksi, na Honorine akajibu kwamba atajitahidi. Mpwa wake Bernard naye alikuwa ameshikilia kwamba Wafulani wale watolewe kabla hawajaleta balaa. Mwishowe Honorine akaja, akasimama nje ya mlango, akasema kwa upole kwamba wiki ijayo watazungumza habari za nyumba. Dikore alielewa. Hawakuwa na pengine pa kwenda.

Kabla ya wiki hiyo kufika, baba yake Honorine, mzee Zezuma, akafariki. Alikuwa amekula chumvi nyingi, na dolo nyingi zaidi.

Hama alimsihi mkewe atoe pole na kurudi upesi. Lakini Dikore alijua kazi ya mtani msibani: kumwiga marehemu, kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na kuwachekesha wafiwa. Ukikaa kimya kama mgeni, basi wewe ni mgeni. Na wafiwa wakikataa utani wako, umeitukana maiti yao, na hutasubiri wiki ijayo kufukuzwa. Akaenda, kibuyu cha maziwa mkononi.

Alipoingia uani aliichukua kofia ya marehemu juu ya kiti chake, akaivaa hadi kwenye nyusi. Akaanza kupepesuka. Akakohoa kile kikohozi cha mzee, akapiga funda la maziwa, akacheua, kisha akajilaza kizingitini pale ambapo jeneza lingepita.

"Nani kasema nimekufa?" akauliza. "Mimi nina kiu tu. Siendi popote bila dolo."

Bernard akaja mbio, akamshika mkono na kumvuta.

"Toka hapa. Unamchezea marehemu wetu?"

Dikore aliogopa kwelikweli, lakini hakuinuka. Alimwambia kijana amwachie, mjukuu gani huyo anayemburuta babu yake.

Ndipo Honorine alipotokea, macho mekundu kwa kulia, akasimama juu yake.

"Mwache," akamwambia Bernard. Kisha mdomo wake ukaanza kucheza. "Tazameni, watu. Ng'ombe wamewaishia, sasa Mfulani kaja kuiba maiti. Na hayo maziwa kayatia maji."

Ua ukaangua kicheko. Kina mama wa bombani, kumbe walikuwa na akiba ya matusi, wakayamwaga yote: shingo lake refu la kuchungulia mazizi ya watu, miguu yake ya fito, wizi wa ukoo wake wote. Dikore aliwajibu mmoja mmoja, bado amelala. Mwishowe akajikaza, akasema potelea mbali, yeye anahama, awaachie walevi mtaa wao.

"Uhame?" Honorine akasema, safari hii akimtazama Bernard. "Nani kakuruhusu? Tangu lini mtumwa wangu akahama bila kuniuliza?"

Bernard aliinamisha kichwa. Baadaye akaguna kwamba basi huyo babu apewe paja la kuku, jeneza lipite. Dikore akadai mawili.

Aliporudi nyumbani, Hama alikuwa mlangoni akimngojea. Alimwona mkewe analia, akauliza wamemfanya nini.

"Wamenitukana," alisema Dikore.

"Sana?"

"Mimi, wewe, na ukoo mzima."

Hama akakaa chini pale pale, akasema alhamdulillahi.