Mwenyekiti Nje ya Geti

Klabu ya voliboli ya wasichana ilikuwa imeisubiri fainali miaka tisa. Siku ilipofika, mwenyekiti wake aliamka alfajiri, akasali hadi magoti yakafa ganzi, kisha akapiga pasi jezi zote kumi na mbili. Alikuwa fundi cherehani. Alikuwa pia kocha, maana hakupatikana mwingine. Namba nyeupe zilizong'aa kwenye migongo ya wasichana zilikuwa kazi ya mikono yake.

Kabla ya kila mechi alisoma daftari la mahudhurio kwa sauti, mbele ya wachezaji na wazazi. Alilipenda daftari lile kama mtoto wa kumzaa. Kuandika alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, na sheria za ukurasa wa kwanza aliziandika mwenyewe, herufi zimelala lakini zinasomeka. Ya nne ilisema: mtu mzima akimkosesha mchezaji mazoezi, mchezaji atacheza, mtu mzima atakaa nje ya geti mechi nzima.

Mwezi uliopita sheria hiyo ilimnasa Msusi, mama wa mmoja wa wachezaji, aliyembakiza binti yake nyumbani afue mapazia. Alikaa nje akinung'unika hadi filimbi ya mwisho.

"Radi," mwenyekiti akasoma. Huyo alikuwa mpigaji wao mkali, binti wa kaka yake. "Alhamisi hapana alama. Ulikuwa wapi?"

"Nilitumwa."

"Na nani?"

Radi akatazama viatu vyake. "Na wewe, shangazi. Uzi mweupe uliisha. Maduka ya karibu yalikuwa yamefungwa, nikaenda hadi ng'ambo ya soko. Niliporudi wenzangu wameshamaliza."

Mwenyekiti akashusha daftari. Ni kweli. Siku ile aliinamia namba zile, mazoezi akamwachia makamu wake, fundi baiskeli, wala hakukumbuka kuuliza.

"Hilo si kosa, ni kazi ya klabu," makamu akasema haraka. "Mama, usinifanyie hivyo. Mimi kwenye benchi najua neno moja tu, 'twende'."

"Na mapazia yangu yalikuwa kazi ya nani?" Msusi akauliza, mikono kiunoni. Watu wakacheka, kisha wakamtazama mwenyekiti.

Miaka tisa, Mungu wangu. Alifunga daftari, akampa makamu. "Basi sema 'twende' kwa sauti," akamwambia, akatoka.

Geti lilifungwa nyuma yake. Ukuta ulikuwa mrefu kumpita. Akasikia filimbi, mpira ukagonga viganja, pa, pa, pa, na uwanja mzima ukanguruma. Nani kapata? Hakujua. Akatembea huku, akarudi huku, akiomba na kuhesabu vishindo. Makamu alikuwa akipayuka "twende" bila kupumzika.

Mara geti likafunguka kidogo, akachomoza Msusi na kreti tupu la soda.

"Wewe hujafungiwa nje," mwenyekiti akasema.

"Najua. Ila nakumbuka kulivyo huku." Akaweka kreti, akapanda, akachungulia. "Yule mrefu kapiga. Yule mfupi kaokoa. Umeenda juu, umeenda... eh, umeanguka."

"Upande gani?"

"Wa kule."

"Kule wapi, dada yangu?"

"Kule kwenye watu wasiofurahi."

Seti ya kwanza wao, ya pili wenzao, ya tatu wenzao, ya nne wao. Ya tano ikaenda bega kwa bega hadi kumi na nne kwa kumi na nne. Hapo mpira ukapaa juu ya ukuta, ukadunda barabarani, ukaja hadi miguuni pa mwenyekiti.

"Wameupiga nje! Pointi yetu!" Msusi akasema, karibu aanguke kwenye kreti. "Tuna kumi na tano, bado moja tu!"

Radi akatoka mbio kuufuata mpira, jasho linamtiririka, zamu ya kuanzisha ikiwa yake. "Shangazi, naupiga wapi?"

Mwenyekiti alijua. Tangu seti ya pili alimsikia kocha wa wenzao akimfokea mchezaji wa nyuma kushoto arudi mahali pake. Jibu lilikuwa maneno mawili tu, na yalikwishafika kwenye ulimi. Akaukumbatia mpira, akafumba macho kidogo. Bwana, nifunge mdomo huu.

"Mimi niko nje," akasema, akampa. "Wewe ndiye unayeuona uwanja."

Radi akamtazama, akatabasamu kwa pembe ya mdomo, akakimbia.

Kimya. Kishindo kimoja, kizito. Kisha kelele iliyotikisa bati la geti.

"Nani?" mwenyekiti akauliza. "Msusi, nani?"

"Sijui. Nilifumba macho."

"Ulipanda hapo kufanya nini basi?"

"Niliogopa, jamani, mimi si mtu wa michezo!"

Filimbi ya mwisho ikalia, ndefu. Mwenyekiti akalikimbilia geti, kiatu kimoja kikabaki barabarani, lakini kabla hajaligusa likafunguliwa kutoka ndani na wasichana wakammwagikia wote kwa pamoja, makamu nyuma yao hana tena sauti. Radi alikuwa mbele.

"Nyuma kushoto," akahema. "Nilimwona mwenyewe, shangazi."