Alama Moja Isiyofungwa

Tusidanganyane, kijicho kilikuwa kinamla mpanga kurasa tangu siku wifi yake alipoajiriwa kwenye chumba chao cha kupanga vitabu. Na aliyemwombea kazi ni nani? Ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake!

Kazi yao ilikuwa kuchukua miswada iliyotiwa alama, hapa kichwa cha sura, hapa aya, hapa jedwali, kila kimoja na alama yake ya kufungua na ya kufunga, na kuigeuza kwa programu iwe mafaili ya kuchapa. Programu ya zamani aliimudu yeye peke yake, akawa anaringa nayo. Sasa wifi kaja na mpya, bosi kavutiwa, na asubuhi hiyo zote mbili zingejaribiwa kwa kitabu kimoja cha hesabu. Ambaye programu yake ingechaguliwa ndiye angekuwa mkuu wa chumba.

"Mdogo wangu ana kichwa, mke wangu we!" mumewe alimwambia jana yake mezani. Akaisukuma sahani kando.

Basi wifi alipotoka kidogo, mpanga kurasa akalifungua faili la kitabu kile, alilolitia alama wifi, haraka haraka na kufuta alama moja tu, ile ya kufunga jedwali. Alijua anachofanya. Programu ya zamani husamehe, hukisia na kuendelea. Ile mpya haina masihara: ikikuta alama haikufungwa, inagoma.

Na kweli, mbele ya bosi ya zamani ikapita, mpya ikagoma. Ikaandika kwenye kioo cha kompyuta mstari wenyewe na alama inayokosekana. Wifi akainama, akasoma. Jedwali lile alilifunga jana, wakiwa wamekaa bega kwa bega. Akageuka polepole, akamtazama mke wa kaka yake. Mpanga kurasa akainamisha macho.

"Nani kavuruga faili?" bosi akafoka.

"Mimi, bosi," wifi akasema. "Nimeteleza."

"Basi niondolee mauzauza yako hapo! Tunabaki na ya zamani." Bosi akamgeukia mpanga kurasa. "Hongera, mkuu."

Wifi akawa wa kwanza kupiga makofi, tena kwa nguvu.

Lo! Afadhali angemtukana. Mpanga kurasa akachekelea meno nje huku roho ikimchoma, maana cheo alichokitafuta kwa udi na uvumba amegawiwa na wifi huyo huyo, na sasa hata kumchukia hawezi.