Changu Mapajani mwa Bi Sabiha

Mimi ni mtu wa maneno, nakiri. Mama yangu kule Muheza husema nikianza kuzungumza hata chai hupoa ikinisubiri. Alipoamua kuniita Tadeo angeniita Kasuku tu.

Kigombe, kijiji cha pwani, nilikuja kuongoza wageni wanaovua kwa kayaki, vile vyombo vyembamba vya plastiki ambavyo mtu hukalia na kasia lake. Wageni wangu huvua kwa raha, kisha humrudisha samaki baharini akiwa hai. Nilitaka kuwapeleka kwenye mwamba ambao kijiji kimeufunga ili samaki wazaane. Bila mwamba ule wageni wangekwenda kwingine, nami ningerudi nyumbani kuchuma machungwa.

Kamati ya kijiji inayoulinda mwamba ilibisha miezi mitatu. Samaki aliyekwisha kung'ata ndoana ataishi vipi? Mwishowe Mzee Mudathir, mwenyekiti, akasema, "Aende Bi Sabiha. Atakachoona yeye, tumekiona sote."

Bi Sabiha ametafuta pweza miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo, hata ule wa kumbembeleza mtoto.

Asubuhi iliyofuata nikamkalisha mbele kwenye kayaki, mimi nyuma. Haikupita nusu saa nikanasa changu wa kilo mbili hivi. Nikalowesha mikono, nikamtoa ndoana kwa koleo, upesi, yote sawasawa. Ningemrudisha hapo hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Bi Sabiha aligeuka kunitazama, nami kichwa kikavimba. Nikamwinua changu juani nikaanza somo: asishikwe matamvua anayopumulia, asibanwe tumbo, ute wa ngozi yake usifutwe, asikae nje ya maji kupita muda ambao mtu anaweza kuzuia pumzi.

"Na huyo yuko nje tangu saa ngapi?" akauliza Bi Sabiha.

Nikamtia majini haraka. Nikamshika mkia, nikamwelekeza kichwa kwenye mkondo, nikangoja. Matamvua yalifunguka mara moja, basi. Nikamsukuma chini kwa nguvu na kushangilia, "Huyoo, kenda zake!"

Hatujapiga makasia kumi, akaibuka ubavuni mwetu, tumbo juu. Bi Sabiha akainama, akamchukua, akamfunga kwenye kanga yake ya pili na kumpakata. Nikafungua mdomo.

"Piga kasia, mwanangu," akasema.

Kamati ilikuwa imeketi mkekani, bandani. Bi Sabiha akakaa ukingoni, kanga mapajani.

"Enhe, samaki je?" Mzee Mudathir akaniuliza.

"Kenda zake, mzee."

Akamgeukia Bi Sabiha. "Kamrudisha majini," akajibu yeye. Haukuwa uongo. Mwongo nilikuwa mimi peke yangu, na nilitamani mchanga unimeze.

Ruhusa ikapita. Watu wakainuka waende kuswali adhuhuri. Bi Sabiha hakuinuka.

"Tangulieni," akasema. "Magoti yananisumbua leo."

Magoti! Mama huyu huenda kwenye miamba ya karibu kwa miguu na kurudi na ndoo ya pweza kichwani. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza, na aliyeutia mdomoni mwake ni mimi. Aibu ikanipanda hadi masikioni, nikashindwa kuibeba.

"Hakwenda!" nikapaza sauti. "Amekufa mikononi mwangu. Yumo kangani mwa Bi Sabiha!"

Nikashusha pumzi. Kusema kweli, nilijiona mwanamume. Kisha nikang'amua kwamba hakuna aliyenitazama mimi. Wote walikuwa wakimtazama yeye, na maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye kanga yake.

Akainuka bila kujishika popote, akamlaza changu mkekani.

"Nilikusitiri, Tadeo," akasema taratibu. "Nilitaka watu watoke, tubaki wawili, kisha uende mwenyewe kwa Mudathir ukamwambie la kweli. Hukuweza kungoja hata hilo. Umejivua, ukanivua na mimi."

Nikainama, nikamwokota changu, nikatoka naye nje. Mimi, mtu wa maneno.

Ruhusa ilifutwa; mwamba ungali umefungwa kwangu, wageni wachache waliobaki nawavulisha nje yake, na hilo nimelizoea. Asubuhi nikikutana na Bi Sabiha akielekea pwani namwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba, kwa kuwa hamnyimi mtu salamu. Lakini kamati haimtumi tena kwenda kuona chochote.