Usukani wa Kushoto

Machimbo ya zamani yalikuwa yamejaa maji kwa miaka mingi. Yalipoanza kunyonywa kwa pampu ili pajengwe maghala, kitu cha kwanza kuchomoza kwenye tope kilikuwa paa la gari. Maji yalivyozidi kushuka likaonekana lote: gari la kijeshi lenye mgongo kama kasha, na ubavuni msalaba uliobabuka hadi ukabaki kivuli cha wekundu. Gari la wagonjwa la wakati wa vita.

Baba mdogo aliipeleka habari gereji kwa mtoto wa kaka yake, mwanamke wa makamo ambaye watu wote, hata ndugu, walimwita Fundi. Baba mdogo alikuwa mtu wa kupanga viti vya msiba kabla mgonjwa hajakata roho, na siku hiyo alifika akihema.

"Funga gereji, mwanangu. Kaka amepatikana."

Baba yake Fundi alikuwa dereva wa gari la wagonjwa jeshini. Asubuhi moja alitumwa kuchukua majeruhi. Hakurudi yeye wala gari. Fundi alikuwa bado ananyonya. Mama yake hakukaa msiba wala hakuolewa tena, na aliyethubutu kusema "marehemu mumeo" alisahihishwa palepale: "Hajarudi tu."

Machimboni walimkuta Mama ameshafika, miguu peku, amezama tope hadi kwenye vifundo. Vibarua wa pampu walikuwa wamefungua mlango kwa mtaimbo. Ndani, nyuma ya usukani, kulikuwa na mifupa iliyoshikwa na udongo, na jozi ya buti. Mama alikuwa amevua mtandio wake akaifunika mifupa ile. Hakuwa akipiga kelele. Alishika ukingo wa mlango, machozi yanamtiririka, huku akimsimulia: paa lilivyovuja, nani ameoa, nani ameshatangulia mbele za haki, na kwamba mtoto amekuwa fundi wa magari, ameyapenda kama yeye.

Kwa muda ambao Fundi alichukua kulizunguka gari akaja upande wa mbele, na yeye alikuwa na baba. Kisha akaona usukani uko upande gani, akasimama.

Afisa wa makumbusho, bwana mpole mwenye brashi mfukoni, alikuwa ameuona mapema. Aliwavuta kando Fundi na baba mdogo, lakini masikio ya Mama yalikuwa mazima.

"Poleni sana," alisema. "Gari hili si la jeshi letu. Yetu yote yalikuwa na usukani kulia. Hili ni la upande wa pili."

"Usukani unahamishwa," baba mdogo alidakia. "Watu wanabadilisha injini nzima, sembuse usukani?"

Mama aligeuka. "Wewe bwana, nakuheshimu, lakini humjui mume wangu. Mwanangu ndiye fundi wa nyumba hii. Yeye ataniambia."

Fundi alikunja mikono ya shati. Baba mdogo alimsogelea, akasema chinichini, "Mpe mama yako mtu wa kuzika. Neno moja tu. Nani atakuuliza?"

Fundi alijipenyeza chini ya gari, mgongo kwenye tope baridi. Alikwangua kutu kwa kisu. Mahali usukani ulipofungwa kwenye chesisi palikuwa kushoto, pamekazwa na kiwanda chenyewe. Upande wa kulia chuma kilikuwa kitupu, hakijawahi kutobolewa. Jibu alilipata upesi, lakini aliendelea kulala pale. Alisikia mama yake bado anasimulia. Akawaza kwamba mtu huyu pia labda ana mama mahali fulani, anayekataa kuambiwa marehemu.

Alitoka.

"Mama, siye."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Limeundwa hivi hivi. Hakuna kilichohamishwa."

"Kwa hiyo huyu ni nani?"

Kibarua mmoja akatema mate pembeni, akasema, "Adui huyo, mama."

Afisa aliinua pindo la mtandio ili amrudishie mwenyewe.

"Uache," Mama alisema. "Nimeshamlilia. Machozi hayarudi machoni."

Njiani alikataa mkono wa Fundi, akashika wa shemeji yake. Walipofika mlangoni baba mdogo akauliza, "Haya, huo ukweli wako umetufaa nini?"

Gari lilinyanyuliwa kwa winchi, likapelekwa uani kwa makumbusho. Serikali ya ng'ambo ya mpaka iliulizwa kuhusu dereva, haikujibu. Msimu mzima wa mvua Mama alimpa Fundi salamu tu, basi. Halafu asubuhi moja akaja gereji, akaketi juu ya tairi.

"Yule mtoto wa watu wamemweka wapi?"

"Stoo, Mama."

"Stoo. Kama spea."

Fundi aliendelea kufuta mikono kwa tambara.

"Mwambie yule bwana nataka kumzika."

"Watu watasema, Mama."

"Waseme mchana, usiku watalala."

Walimzika pembezoni mwa makaburi: wachimba kaburi, afisa, Mama na Fundi. Baba mdogo alisema mgongo unamuuma. Majirani walifunga madirisha walipopita, na Mama na Fundi waliporudi nyumbani wakakuta mtu ameandika kwa mkaa ukutani kwao: ADUI. Fundi alilisugua neno lile kwa maji na sabuni, lakini lilisambaa tu, ukuta ukawa mweusi zaidi.

"Huenda na Baba kuna mtu kule alimzika," alisema bila kugeuka.

"Au walimtupa," Mama alijibu. "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi mtu mzima."

Akaingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika mlangoni. Akajifunga kitambaa cheusi kichwani, akaketi, miguu ameinyoosha.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakaa msiba wa baba yako. Amekufa. Njoo ukae."

Fundi aliketi kando yake, mikono ingali na masizi. Mtaa mzima uliwaona. Walidhani ni msiba wa yule wa kwenye gari, kwa hiyo hakuja mtu.